Elfu Kumi na Tano Kwenye Sanduku la Vifaa

Mama yule alifungua fundo la leso taratibu, akahesabu noti za elfu moja moja mpaka zikafika kumi na tano, kisha akazihesabu upya akimtazama binti yake, ili naye awe shahidi. Tulikuwa Mamboleo, hapa Kisumu, ndani ya nyumba ya vyumba viwili ambayo ilikuwa haijapigwa plasta. Mimi nilikuwa juu ya ngazi, vumbi la matofali limenijaa kwenye kope.

"Fundi, hii hapa. Zamu yangu ya chama ilifika jana. Sasa nifundishie mtoto."

Nikateremka. Nikapangusa mikono kwenye suruali, nikazipokea.

Binti alikuwa amesimama mlangoni, amevaa viatu vya shule vilivyong'arishwa ingawa kidato cha nne alimaliza mwaka juzi. Hakusema kitu. Alikuwa akiziangalia paipu zilizochungulia ukutani, akizifuata kwa macho moja baada ya nyingine mpaka pale zinapokutana, kama mtu anayesoma.

Nikamwambia mama nitampigia simu tupange siku. Zile pesa nikaziweka chini kabisa ya sanduku la vifaa, chini ya mega, kile kifaa cha kupimia nyaya, na hapo ndipo zilipokaa wiki tatu. Kila nilipoingiza mkono kutafuta plaisi, nilizigusa.

Sikuzitumia. Sikuzirudisha pia.

## Bei niliyoitaja mwenyewe

Bei ile haikutoka kwa mama. Ilitoka kinywani mwangu. Alikuwa amenipigia simu majuma kadhaa kabla, namba yangu amepewa na jirani yake niliyemwekea soketi, akaniuliza, "Fundi, mwanafunzi huwa mnamwitisha pesa ngapi?" Nikamjibu papo hapo: kumi na tano. Ndiyo bei niliyozoea kuisikia tukikaa na mafundi wenzangu Kondele na Kibuye. Wengine huitisha ishirini, wengine hushuka mpaka kumi mzazi akilia sana. Nikakata simu, nikarudi juu ya ngazi.

Mimi sikulipa hata shilingi moja kujifunza kazi hii.

Mimi nililipwa.

Na katika miaka yote ambayo nimejiita fundi wa stima, sikuwahi kukaa chini nikajiuliza kwa nini kilichofanyika kwangu hakiwezi kufanyika kwa mtu mwingine kupitia kwangu. Nilikipokea kama mvua. Mvua ikinyesha shambani kwako hukimbilii kuuliza nani kaileta, unapanda.

## Shilingi mia tatu

Nilianza Januari 2014. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, cheti cha kidato cha nne chenye alama ambazo hazikuwa mbaya wala hazikutosha kunifikisha popote bila karo, na shangazi aliyenipa kona ya kulala Nyalenda. Mzee mmoja alikuwa anaweka stima kwenye nyumba za kupangisha karibu na pale. Tulimwita Jaduong'. Nilimwomba kazi yoyote. Akaniangalia mikono, akasema njoo kesho saa moja, nitakupa mia tatu.

Mia tatu kwa siku.

Nawaambia jinsi ilivyogawanyika, kwa sababu mgawanyo huo nimeukumbuka sana wiki hizi. Nauli ya kwenda na kurudi ilikula sitini. Chakula cha mchana kwa mama wa kibanda, ugali na sukuma na kipande cha samaki siku ya bahati, sabini. Mia moja na sabini ilibaki, na humo nilitoa sabuni, vocha, na kitu cha kumpa shangazi Jumamosi ili nisionekane ninalala bure. Haikuwa mali. Lakini kesho yake nilikuwa na nauli ya kurudi kazini.

Kulikuwa na mwenzangu wa mtaa mmoja ambaye mwaka huohuo alijifunza kwa fundi mwingine. Yeye alilipa. Mamake aliuza mbuzi. Alikuwa na akili kuliko mimi, michoro ya saketi aliielewa mara moja akiangalia tu, na mwezi wa kwanza ndiye aliyenieleza jioni kwenye ngazi za ploti tofauti ya layivu, waya unaoleta stima, na nyutro, unaoirudisha, kabla fundi wangu hajanieleza. Mwezi wa pili saiti yao ikahamia Ahero. Siku ya kwanza akakopa nauli. Ya pili akakopa. Wiki ya tatu akaacha kwenda.

Ada aliilipa yote. Kilichomtoa ni nauli.

Leo ana boda boda na anafanya vizuri, sina haja ya kumsikitikia. Lakini nikimwona kwenye stendi huwa nawaza kuhusu wale vijana wanaoambiwa hawana bidii.

## Miezi kumi na minne ya tindo

Sasa niseme upande wa pili, maana nikiishia hapo nitakuwa nimesema nusu.

Kwa miezi kumi na minne sikugusa waya.

Nilichana kuta. Tindo na nyundo, kuanzia saa moja na nusu asubuhi, mfereji wa upana wa vidole viwili kutoka juu ya ukuta hadi pale swichi itakapokaa. Tindo ikiteleza, ngozi ya kidole gumba inaondoka. Jioni vumbi la simenti likichanganyika na jasho lilikuwa linakauka shingoni kama plasta. Nilichota maji. Nilibeba paipu kutoka duka la hadiwea. Nilipigilia vyuma vya erthi, vya kupeleka ardhini stima iliyovuja, na hiyo kazi ilinifundisha udongo wa Kisumu kuliko jiografia yote ya shule: kule Kano, kwenye udongo mweusi, chuma cha futi nne kinazama kama mwiko kwenye uji, panda Riat, chuma hichohicho kinagonga jiwe, kinaruka, na mkono unatetemeka mpaka kwenye jino. Unakitoa, unatafuta pengine, unaanza tena. Na huwezi kukikata kipande ukakizika kwa ujanja, maana mwamba mkavu hauipokei stima vizuri, na huku kwetu radi za alasiri hazina masihara.

Hayo ya mwamba na stima, kumbe, nilikuja kuyajua baadaye. Wakati huo niliambiwa tu: pigilia.

Vivyo hivyo mifereji ya ukutani. Niliichana wima, moja kwa moja juu ya swichi, kwa sababu ndivyo nilivyochorewa na chaki. Mwezi wa kumi na tano ndipo nilipoelezwa sababu: mtu atakayeishi humo siku moja atataka kupigilia msumari atundike saa au picha ya harusi, na akiiona swichi atajua waya unapita juu yake wima, asiupige. Ukichana mshazari ili kuokoa paipu, umemwekea mtego mtu usiyemjua.

Nilikuwa nimechana mamia ya mifereji bila kujua kwamba kila mmoja ulikuwa ni onyo kwa mgeni.

Mikono yangu ilikuwa imejifunza. Ila hakuna aliyekuwa na deni la kunieleza. Nililipwa kuchana, nikachana, jioni tukamalizana. Jaduong' hakuwa mtu mbaya, naandika haya nikimheshimu, lakini nilikuwa namfaa zaidi pale nilipokuwa. Kijana anayechana ukuta vizuri kwa mia tatu ni hasara kumtoa kwenye ukuta.

## Siku niliyouliza

Ilikuwa Machi 2015, Riat, saa ya chakula. Nilikuwa nimejipanga kwa maneno mengi. Nikatoa machache.

"Jaduong', mimi nitagusa waya lini?"

Akaendelea kutafuna. Vijana wengine wawili wakanyamaza. Nilidhani nimefukuzwa kazi, nikaanza kuhesabu kichwani nina shilingi ngapi nyumbani.

Jumatatu alikuja na karatasi moja iliyochanwa kwenye daftari la mraba. Alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu, mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika kwa kupigwa. Mwezi wa kwanza: taa na swichi moja. Wa pili: taa moja swichi mbili, ya ngazi. Wa tatu: soketi, duara lake kutoka kwenye breka hadi kurudi kwenye breka. Wa nne: bodi. Wa tano: erthi na kupima. Chini yake: *mia nne*. Alikuwa ameniongeza mia moja.

"Ulikuwa hujauliza," akaniambia.

Maneno hayo nimeyageuza mara nyingi. Kuna siku yananikasirisha: kwani mtu wa miaka kumi na tisa, analala kwenye kona ya shangazi, atauliza kwa ujasiri upi, wakati jibu linaweza kuwa usirudi kesho? Kuna siku naona alisema kweli tupu, kwamba yeye naye hakuna aliyempangia, alijifunza kwa kuiba kwa macho, na wazo la kwamba mafunzo yanaweza kuandikwa mwezi kwa mwezi halikuwa limemjia hadi siku ile.

Bahati ilisaidia pia. Mwaka huohuo ada ya kuunganishiwa stima ilishuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na mtu aliruhusiwa kulipa kidogokidogo. Ghafla kila boma kuelekea Maseno na Kombewa lilitaka fundi. Wasio na uwezo wa kuvuta nyaya ndani waliwekewa redibodi, ile yenye balbu na soketi zake tayari, lakini wengi walitaka nyumba nzima. Jaduong' alihitaji mikono iliyojua zaidi ya tindo. Karatasi yangu ya mwezi kwa mwezi ikaenda mbio.

## Swichi tisa

Mwezi wa nne wa karatasi ile, wa bodi, lile sanduku la breka, nilikosea.

Ilikuwa nyumba ya Kibos. Waya mwekundu uliisha saa tano asubuhi. Duka lilikuwa mbali, jua kali, nami nilikuwa na rola nzima ya waya mweusi. Nikajiambia nitakumbuka. Nikavuta weusi kila mahali kwenye saketi ya taa: unaokwenda kwenye swichi mweusi, unaokwenda kwenye taa mweusi. Nilipofika kwenye bodi nilikuwa na nyaya mbili nyeusi mkononi, zinafanana kama mapacha, nikazifunga kwa kumbukumbu.

Jioni tukawasha. Taa zote zikawaka. Ukibonyeza zinazima, ukibonyeza zinawaka. Mwenye nyumba akapiga makofi.

Jaduong' hakupiga. Alizima swichi ya sebuleni, akapanda ngazi, akatoa balbu, akaingiza testa, ile inayowaka ikigusa stima, kwenye holda.

Taa imezimwa. Testa inawaka.

Nilikuwa nimezigeuza. Swichi zangu zilikuwa zinakata nyutro, layivu imebaki juu kwenye holda usiku na mchana. Nyumba kama hiyo inaweza kukaa miaka kumi bila mtu kushuku chochote. Halafu siku moja mama anazima swichi, kama mtu yeyote mwenye busara anavyozima, anapanda kiti kubadilisha holda iliyovunjika, na volti 240 zinamngoja pale.

Kosa lilikuwa mahali pamoja tu, kwenye bodi. Kubadilisha nyaya zile mbili ni kazi ya dakika mbili, na nilizibadilisha. Kisha akanitaka nifungue swichi zote tisa, moja moja, nitie testa, nimwonyeshe layivu imefika pale, nifunge, nipande kwenye taa yake, nizime, nitie testa, nimwonyeshe haipo. Giza liliingia. Mwenye nyumba aliingia ndani akalala. Tulimaliza saa tatu kasoro.

Njiani alinipa mia nne yangu. Nilikuwa nimejitayarisha kukatwa.

"Hii ni ya kosa," akasema. "Nimeshalinunua. Usiniuzie tena."

Kesho yake alikuja na rola ya tepu nyekundu, akanirushia. Waya mwekundu ukiisha, funga kipande cha tepu kila mwisho wa waya, huku na huku. Mpaka leo siendi saiti bila tepu nyekundu. Ni kitu cha shilingi hamsini.

Nimewaza kama Jaduong' angenipa bodi ile iwapo ningekuwa nimemlipa ada. Nadhani asingenipa. Aliyelipa ada ni mgeni wa fundi. Unamwonyesha, unamwachia aguse soketi moja mbele yako, unamrudisha kwa mama yake salama, na jina lako halijahatarishwa. Mimi nilikuwa nakula pesa yake kila siku, kwa hiyo ilimbidi anifikishe mahali pa kumrudishia. Alinihitaji nijue.

Lakini ukweli uleule ndio ulionifunga kwenye tindo miezi kumi na minne. Alinihitaji nijue kile alichokuwa anakihitaji.

Hapo ndipo nilipokuwa nakwama, usiku baada ya usiku, pesa za mama zikiwa chini ya mega.

## Namba mbili

Jumapili moja nilichukua kalamu. Nilitaka kujua mwanafunzi ananigharimu nini hasa, nje ya maneno ya vijiweni.

Nyumba ya vyumba viwili mimi na kijana wangu mzoefu tunaimaliza kwa siku tatu. Tukiwa na mtu mpya, mwezi wa kwanza ni tano. Ataharibu paipu akizipinda bila springi. Atakata waya mfupi, na waya uliokatwa mfupi haurefuki. Hiyo ni hasara, siipunguzi. Halafu kuna ile ambayo haihesabiki kwa shilingi: cheti cha kazi inachodai kampuni ya stima kabla ya kuleta mita kinawekwa sahihi na mimi. Jaribio la ufundi la NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwanda, hapa Kisumu nililifanya 2016, gredi ya tatu, na leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, ya daraja la C2, lile la mwanzo, niliipata 2019 baada ya kuhangaikia makaratasi kuliko nilivyohangaikia nyaya. Nyumba ikiungua, hawatatafuta mwanafunzi.

Kisha nikahesabu nikimlipa. Shilingi 600 kwa siku, siku 26 kwa mwezi.

15,600.

Nikaiangalia namba hiyo. Nikafungua sanduku nikaziangalia zile noti. Ada ya mama na mshahara wa mwezi mmoja wa binti yake vilikuwa karibu sawa. Gharama ya kumfundisha mtu mwezi wa kwanza, ule mgumu, ipo. Haiondoki hata ukifanyaje. Kinachobishaniwa ni mfuko gani utaibeba: wa mwanamke anayeuza viatu vya mitumba Kibuye aliyengoja zamu ya chama, au wangu mimi ambaye mwezi wa sita nitakuwa na mtu anayeweza kuvuta nyaya za nyumba nzima nikiwa saiti nyingine.

Jumatatu asubuhi nilimpigia simu nikamwambia nakuja na pesa zake.

## Mama alikataa

Nilimkuta kwenye meza yake, amepanga viatu jozi kwa jozi, binti anapaka rangi raba nyeupe. Nikampa bahasha. Nikamweleza kwa furaha, nakiri nilikuwa na furaha kabisa, kwamba halipi kitu, na mtoto atakuwa anapata mia sita kila siku.

Akairudisha bahasha mkononi mwangu.

"Hapana, fundi."

Nilidhani hajanielewa. Nikarudia.

"Nimekuelewa. Mtoto wa dada yangu alichukuliwa gereji hivyohivyo, analipwa. Miaka miwili ameosha vyuma kwa petroli. Akiuliza injini, anaambiwa kwani huoni unalipwa? Mimi nikikupa pesa, siku ukimtuma maji kutwa nzima nitakuja hapo saiti nikuulize pesa yangu iko wapi. Nikiichukua hii, atakuwa kibarua wako. Kibarua hana swali."

Nilisimama pale na bahasha, wateja wananipita kushika viatu. Niliona Riat, saa ya chakula, vijana wawili wamenyamaza, mimi nahesabu nina shilingi ngapi nyumbani.

Ningemwambia nini? Kwamba mimi si kama huyo wa gereji? Jaduong' naye hakuwa kama wa gereji, na bado nilishika tindo mwaka mzima na zaidi. Nilikuwa nimetembea kutoka nyumbani nikiwa na uhakika kwamba mshahara ni haki na ada ni dhuluma, na mwanamke huyu, bila kuinuka kwenye kiti, ameniambia ada ndiyo silaha pekee aliyo nayo.

Nikamwomba nirudi Jumamosi. Safari hii bahasha nilimwachia mezani, chini ya kiatu, nikamwambia aishike tu mpaka tuongee, na akiona haifai atanirudishia.

## Karatasi

Ile karatasi ya kalamu nyekundu bado ninayo. Imekunjwa mara nne ndani ya kitabu cha risiti, imechanika kwenye mikunjo, wino umegeuka rangi ya kutu. Niliitandaza mezani Ijumaa usiku nikaona kilichokuwa kimenibadilishia maisha 2015. Nyongeza ya mia moja ilikuwa jambo dogo. Kubwa ni kwamba tangu siku ile nilikuwa na kitu cha kumwonyesha. Mwezi wa tatu ulipofika na sijashika soketi, nilikwenda nayo nikaielekeza kidole, na Jaduong' hakukasirika, kwa sababu mwandiko ulikuwa wake.

Sheria yetu imelijua hili zamani. Sheria ya Mafunzo ya Viwanda inataka mkataba wa mwanagenzi uwe wa maandishi na usajiliwe, na wanaoshughulikia ni hao NITA. Katika watu wote niliochana nao kuta, sijakutana na mmoja aliyeandikiwa. Tunaandikiana mkataba wa kiwanja, wa pikipiki, hata wa ng'ombe anayetunzwa na jirani. Mtoto wa mtu anayekabidhiwa mikononi mwetu apande ngazi na kushika stima, tunamalizana kwa simu.

Nikachukua daftari. Mwezi wa kwanza: kuchana ukuta na kupinda paipu, *na sababu ya kila mstari*. Wa pili: taa na swichi. Wa tatu: swichi za ngazi, kisha soketi. Wa nne: bodi, nikiwa nimesimama kando. Wa tano: erthi, mega, na kuandika vipimo. Wa sita: nyumba moja aifanye yeye, mimi nipime. Mshahara 600, kila Jumamosi, mvua au jua, na siku ya kosa hakatwi. Baada ya hapo nimpeleke afanye jaribio la NITA, gredi ya tatu, ada ya mtihani niitoe mimi. Na sharti moja nililoliandika kwa sababu ya mama: mwezi ukiisha bila jambo lake kufundishwa, mwezi unaofuata nalipa 800 mpaka lifundishwe.

Chini kabisa, bila hata kufikiria, nikaongeza mstari ambao kila mkataba wa kazi niliowahi kuuona unao: *na kazi nyingine zozote atakazopewa na fundi.*

Jumamosi tulikaa nyuma ya meza ya viatu, mimi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mama alisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Alipofika kwenye 800 alinitazama, akaendelea. Alipomaliza alisema bahasha ile itamnunulia mtoto plaisi, testa, springi na viatu vya kazi, na kitakachobaki kinarudi chamani. Akaomba kalamu.

"Ngoja, mama," binti akasema.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia sauti yake vizuri. Aliivuta karatasi upande wake, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho.

"Fundi, samahani. Hizi kazi nyingine ni zipi?"

Nilifungua kinywa kumjibu. Nikafikiria maji. Nikafikiria paipu za kutoka hadiwea, na mia tatu za kila jioni, na mamia ya mifereji niliyoichana wima bila kujua kwa nini.

Nikachukua kalamu kutoka kwa mama yake, nikaukata mstari ule, nikaweka sahihi pembeni pale nilipokata. Kisha nikampa kalamu binti, atie ya kwake.